Koki Iliyoganda Ukutani, na Karafuu Zilizo Chini Yake

Ndugu Wanachama,

Kuna watakaouliza gazeti la wakulima wa karafuu limeingiaje katika habari za mashine ya kufulia nguo. Jawabu yake ni fupi. Wengi wetu tunakaa katika nyumba tulizorithi, nyumba za mawe na chokaa ambazo chini yake ni ghala na juu yake ni maskani. Katika miaka ya karibuni, kila msimu unapokuwa mwema, mashine za kufulia zimekuwa zikiingia katika nyumba hizo moja baada ya moja. Ajuaye jinsi nguo za mchumaji zinavyorudi jioni, zimejaa utomvu, vumbi la majani na majimoto, hatamlaumu mwenzake kwa kuinunua. Lakini mashine ni mpya na mabomba ni ya zamani, na baina ya viwili hivyo imesimama koki moja ndogo ukutani, ambayo aghalabu hapana aliyeishika tangu siku ilipotiwa. Koki hiyo ikiganda, hasara yake haikai katika chumba cha kufulia. Huteremka mpaka kwenye magunia.

Mfano ninao. Mwanachama wetu mmoja wa Wete, mama mtu mzima, alikuwa na mashine yake ghorofani, na chini yake ghala lenye karafuu kavu zilizokuwa zikingojea kupelekwa kuuzwa. Koki ya mashine ile ilikuwa imeganda ikiwa wazi, haifungiki. Basi wenye nyumba waliiacha hivyo hivyo, wakisema kuwa mashine yenyewe itayazuia maji. Maji ya mjini yalikatika siku mbili. Siku ya pili, saa nane za usiku, yakarudi kwa kishindo kama ada yake, na ule mpira wa mashine, ambao ulikwisha kuchoka, ukachomoka. Hapana aliyejua mpaka saa kumi na moja alfajiri, watu walipoamka kwa sala.

Hebu tupige hesabu. Mfereji unaojaza ndoo ya lita 20 kwa dakika mbili, na huo si mfereji wa nguvu sana, hutoa lita 600 kwa saa. Kwa saa tatu ni lita 1,800, yaani ndoo 90. Ndoo 90 zilimwagwa juu ya sakafu ya boriti na chokaa, zikapenya, zikadondoka juu ya magunia matano. Karafuu zile ziliamkia majamvini mara ya pili, na kila mmoja wetu ajua karafuu iliyorowa baada ya kukauka inavyopoteza rangi yake nzuri, inavyoota ukungu ikicheleweshwa jua, na bei yake inavyokuwa mbele ya mnunuzi.

Kijana fundi alipoitwa alfajiri ile, neno lake la kwanza lilikuwa hili: “Shikamoo bibi. Koki kuu ya nyumba iko wapi?”

“Marahaba, mwanangu. Mimi nimeolewa humu ndani mwaka 1974, na sijapata kuiona.”

Ilionekana baada ya robo saa, nyuma ya mapipa ya maji chini ya ngazi. Robo saa hiyo peke yake ilikuwa ndoo saba na zaidi. Kwa hiyo, ndugu zangu, somo la kwanza la makala haya halihitaji spana wala senti: leo, kabla ya kulala, kila mtu na aitafute koki kuu ya nyumba yake, na awaonyeshe watu wote waliomo ndani, wadogo kwa wakubwa.

KWA NINI KOKI HUGANDA

Maji ya bomba si mageni katika visiwa vyetu. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 mpaka 1888, ndiye aliyeyaleta katika mji wa Unguja kutoka chemchemi za nje ya mji. Lakini nyumba nyingi zilitiwa mabomba baadaye sana, tena kwa vipande vipande: kipande cha babu, kipande cha baba, na kipande cha juzi. Mabomba ya zamani aghalabu ni ya chuma kilichopakwa zinki. Zinki hiyo ikiliwa, chuma hushika kutu kwa ndani, na kutu hiyo husafiri na maji mpaka kwenye koki ikajikusanya humo.

Tena maji yapitayo katika mawe ya chokaa hubeba chokaa. Mtazame birika yako ya chai ndani, utaona ule ugaga mweupe. Ugaga huo huo hushika katika koki, baina ya kijiti kinachozunguka na mwili wake. Koki ikizungushwa mara kwa mara, ugaga huvunjika ungali mchanga. Ikiachwa miaka, hugeuka kuwa jiwe. Hewa yetu ya bahari nayo huila shaba na chuma kwa nje.

Koki zenyewe ni za namna tatu. Ya kwanza ni ile yenye gurudumu dogo, ambayo mafundi huiita geti valvu. Ndani yake mna kibao cha shaba kinachopanda na kushuka. Hii ndiyo mbaya kuliko zote kwa kuganda, na ikiganda kijiti chake hukatika upesi. Ya pili ni kama mfereji wa kawaida, ambao hufunga kwa kukandamiza kipande cha mpira. Hiyo mara nyingi hutengenezeka kwa kubadilisha mpira tu. Ya tatu ni bol valvu, yenye mkono unaogeuka robo ya mzunguko: mkono ukilala sawa na bomba maji yamefunguliwa, ukikata bomba yamefungwa. Ndiyo ya kuchagua siku hizi.

JARIBU KWANZA KWA UPOLE

Koki iliyoganda haishindwi kwa nguvu. Mwenye kuikamata kwa spana ndefu na kuivuta kwa hasira atavunja kijiti, au atapasua bomba ndani ya ukuta, na shughuli ya shilingi chache itageuka shughuli ya kubomoa. Haraka haraka haina baraka.

Toa plagi ya mashine katika umeme. Funga koki kuu, kisha fungua mfereji ulio chini kuliko yote katika nyumba, uyaache maji yaliyomo yatoke. Ikiwa nyumba ina tangi juu, lifunge nalo. Wengi husahau tangi, wakafunga maji ya mjini wakadhani wamemaliza. Ngoja uhakikishe kuwa maji yamekoma kabisa. Koki kuu ikiwa yenyewe haifungi, usiendelee hata kidogo: nenda kwa wahusika wa maji wakufungie kwenye mita, maana hapana kazi ngumu kama kuzuia maji kwa kiganja.

Maji yakikoma, tia mafuta mepesi ya kulegeza kutu pale kijiti kinapoingilia katika mwili wa koki, uyaache usiku kucha. Kama ni ugaga mweupe uonekanao kwa nje, funga kitambaa kilichoroweshwa siki au maji ya ndimu, nacho ukiache saa kadhaa. Ila usikichanganye na dawa ya kung'arishia nguo, kwa kuwa viwili hivyo vikikutana hutoa hewa yenye sumu. Asubuhi yake legeza nusu mzunguko ile nati inayozunguka kijiti, kwa kuwa mara nyingi kinachokishika ni pakingi iliyokauka chini ya nati hiyo. Kisha zungusha koki kidogo kuelekea kufunga, kidogo kuelekea kufungua, kwa kurudia-rudia kama mtu ang'oaye mwiko uliozama ndani ya udongo. Ikikubali, kaza nati tena. Ikikataa baada ya kujaribu mara tatu, usiibembeleze zaidi. Imekwisha.

KUITOA YA ZAMANI

Vyombo vya kazi si vingi: spana mbili, moja yake iwe spana ya bomba, brashi ya waya, ndoo na vitambaa, tredi tepu, yaani ule utepe mweupe wa kuzungushia nyuzi za bomba, na koki mpya. Wazee walitumia katani na rangi badala ya tepu, na katani ingali inafaa sana kwa nyuzi za chuma zilizochakaa, mradi ipakwe dawa yake.

Weka ndoo chini, ufungue mpira wa mashine, maana ndani yake hubaki maji. Kisha tazama koki inashikamana na nini. Katika nyumba zetu aghalabu huingia katika elbo iliyozikwa ukutani. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Huigeuza koki, na elbo nayo ikageuka pamoja nayo ndani ya ukuta, wakakaza au wakalegeza kiungo wasichokiona. Yule mwenye nyumba huona ukuta umeota unyevu mwezi mmoja baadaye, akadhani ni mvua.

Dawa yake ni spana mbili. Chokoa lipu kidogo kuizunguka elbo mpaka uweze kuikamata. Spana moja iishike elbo isitikisike, ya pili ndiyo igeuze koki. Na kabla ya kulegeza, kaza kwanza, kiasi cha unywele. Huenda ukastaajabu, lakini kule kukaza kidogo huvunja kutu iliyoshika nyuzi, na baadaye koki hutoka kwa urahisi kuliko kama ungalivuta upande mmoja tu.

Lau mkia wa koki utakatika ukabaki ndani ya elbo, usikate tamaa. Chukua ubavu wa msumeno wa chuma, bila mpini wake, ukate mifereji miwili midogo ndani ya kile kipande kilichobaki, mpaka karibu na nyuzi za elbo bila ya kuzigusa. Kisha kwa tindo ndogo kigonge kiingie ndani kidogo, kitajikunja na kutoka. Kazi hii yataka subira na taa nzuri. Asiyekuwa na mkono mwepesi amwachie fundi.

Na bomba lenyewe likiwa limeoza, yaani nyuzi zake zinamomonyoka kwa brashi ya waya, hapana faida kutia koki mpya juu yake. Ni afadhali kukata kipande kile kibovu na kutia kingine. Siku hizi mafundi wengi hutumia mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa moto. Nayo ni mazuri, hayashiki kutu. Lakini yaunganishwe na chuma kwa kiungo chenye nyuzi za shaba ndani yake. Nyuzi za chuma zikikazwa moja kwa moja ndani ya plastiki tupu huipasua, kama si leo basi kesho.

KUTIA MPYA

Pima kabla ya kwenda dukani, na ikiwezekana ichukue ile ya zamani mkononi. Kawaida upande wa ukuta huwa nusu inchi, na upande wa mpira wa mashine huwa robo tatu inchi. Chagua koki ya shaba yenyewe, na usidanganyike na kung'aa. Ipime kwa mkono: ya shaba ni nzito. Tena nenda na sumaku ndogo. Shaba haivutwi na sumaku, na ikivutwa ujue ni chuma kilichopakwa rangi, nacho katika hewa yetu hakitakaa.

Safisha nyuzi za elbo kwa brashi ya waya, upanguse. Zungusha tepu katika nyuzi za koki mpya, ukiielekeza ncha ya nyuzi kwako na kuizungusha tepu kufuata mwendo wa mishale ya saa, mizunguko sita au saba, ukiivuta ishike barabara. Ukizungusha kinyume, tepu itajikunja na kutoka wakati wa kukaza. Anza kwa mkono ili nyuzi zisipandane, kisha malizia kwa spana, na ile spana ya pili ingali imeishika elbo. Ukikaza ukapita pale ulipotaka koki iangalie, usiirudishe nyuma hata kwa nukta. Tepu ikirudishwa nyuma hupoteza mshiko wake na koki itavuja. Itoe, uzungushe tepu upya, uanze tena.

Mpira wa mashine haukubali tepu. Wenyewe hufunga kwa kipande cha mpira wa duara kilichomo ndani ya nati yake, na kazi ya nyuzi zile ni kukikandamiza tu. Hakikisha kipande hicho kipo na hakijakauka, ukaze kwa mkono, kisha umalizie kidogo kwa spana, si zaidi ya robo mzunguko. Na mpira wenyewe ukiwa umevimba, umepasuka-pasuka, au una miaka mitano na kuzidi, tia mwingine. Bei yake haifiki thamani ya karafuu za kikapu kimoja.

Walakini, kabla ya kufunga mpira, weka ndoo chini ya koki mpya, ufungue koki kuu polepole, uyaache maji yatoke ndooni mpaka yawe meupe. Kazi uliyoifanya imetikisa kutu yote ya bomba, na kutu hiyo ikiingia katika mashine itaziba kile kichujio kidogo kilichopo nyuma yake, pale mpira unapoingia. Hicho nacho kitoe kwa praisi, ukisugue kwa mswaki wa zamani, ukirudishe. Mashine nyingi zilizotupwa kwa kusemwa kuwa “zimekufa” zilikuwa zimezibwa kichujio tu.

Ukikwisha, pangusa kila kiungo kikauke, ukizungushie karatasi kavu. Tazama baada ya saa moja, na tena asubuhi. Karatasi huonyesha tone ambalo jicho halilioni. Wala usilidharau tone: tone moja kwa kila nukta moja ya saa hutimia kiasi cha lita 4 kwa siku, na chini yako mna ghala.

Lile tundu la ukutani nalo lizibwe kwa chokaa na mchanga kama ukuta ulivyo, lisizibwe kwa saruji tupu. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Saruji huufungia unyevu ndani, na chokaa ya pembeni hubambuka.

NENO JUU YA MATANGI

Wako wanachama waliobadilisha koki, wakabadilisha mpira, na bado mashine ikachelewa kujaza, au ikaendelea kudondosha maji hata ilipozimwa. Kosa huenda likawa katika urefu wa tangi. Ndani ya mashine mna valvu ndogo inayofunguliwa kwa umeme, na nyingi katika hizo husaidiwa na nguvu ya maji yenyewe kufungua na kufunga. Vitabu vya mashine nyingi hutaka nguvu ya maji kiasi cha baa 0.5 au karibu na hapo. Tangi huleta baa 0.1 kwa kila mita moja lililo juu ya mashine. Kwa hiyo tangi lililo mita 2 juu huleta baa 0.2 tu. Mwenye tangi la chini anunue mashine isiyotaka nguvu nyingi, na kitabu chake kitamwambia. Au atumie ile ya mapipa mawili, ambayo hujazwa kwa mpira kutoka mfereji wowote.

YALIYOTUPASA

Koki mpya huganda kama ya zamani ikiachwa. Ipewe basi desturi mbili. Ya kwanza, ifungwe kila baada ya kufua. Mashine isiachiwe kulinda nyumba usiku, hasa siku ambazo maji yamekatika, kwa kuwa hapana ajuaye yatarudi saa ngapi. Ya pili, koki zote za nyumba, pamoja na koki kuu, zifungwe na kufunguliwa mara mbili kwa mwaka. Sisi hatuhitaji kalenda kwa hilo. Siku tunapoyatoa majamvi kabla ya kuchuma, na siku tunapoyakunja baada ya kumaliza, hizo ndizo siku zake.

Magunia yasikae juu ya sakafu tupu wala chini ya chumba chenye maji. Yawekwe juu ya mbao, upande wa pili wa ghala, hata kama ni usumbufu. Yule mama wa Wete sasa amefanya hivyo.

Mwisho, nina shauri ambalo nitalileta katika mkutano ujao, na ningependa kila tawi lilizungumze kabla ya kuja. Spana ya bomba ni ghali kwa mtu mmoja anayeihitaji mara moja katika miaka mitano, lakini si ghali kwa tawi zima. Kila tawi na linunue spana mbili, brashi ya waya na tindo, viwekwe kwa mwenyekiti wa tawi, viazimwe kwa daftari kama tunavyoazimana mizani. Hasara ya magunia matano ya mwanachama mmoja ingalitosha kununua vyombo hivyo kwa matawi yetu yote, na chenji ikabaki.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wenu katika kazi,
Katibu